Mabomu ya Kutega Katika Simu ya Mwanangu

Akina mama wenzangu, likizo ikifika nyumba zetu hujaa watoto, na siku hizi hujaa pia kelele za michezo ya simu. Mwanangu wa kidato cha pili alirudi Muleba kutoka shuleni Bukoba akiwa na mchezo wa vita vya angani. Mchezaji anatawala sayari, anachimba madini, anaunda meli za anga, na anailinda sayari yake isitekwe na majirani. Wazazi wengi hukimbilia kuzima simu. Mimi niliketi karibu naye nikamwomba anifundishe, maana kijana wa umri ule husema mengi akiwa mwalimu.

Alinieleza vizuri. Meli za kivita ni ghali, kwa hiyo mwenye mali kidogo hutawanya mabomu ya kutega kwenye njia ambayo adui hana budi kuipita. Juu ya sayari huzungusha setilaiti, nyingine za kuona mbali, nyingine za kupiga. Mabomu peke yake hayatoshi, kwani adui akiyagundua huyazunguka. Setilaiti nazo zikizidiwa wingi huangushwa moja moja. Lakini mabomu yakimchelewesha adui, setilaiti hupata muda wa kumpunguza. Nilimsifu. Wazee wetu wanaocheza bao wangemwelewa mara moja.

Kisha nikamwuliza, “Na meli zako mwenyewe zikipita hapo?”

Akacheka. “Mama, mabomu yangu yananijua.”

“Na vita vikiisha?”

“Yanafutika.”

Basi hapo nikamwomba aiweke simu chini kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka nchi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na mapema Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu walikimbilia kusini. Kwa bibi yangu hapa Muleba tulilala watoto saba kwenye mkeka mmoja. Kampala ilitekwa Aprili 1979, watu wazima wakashangilia, lakini sisi watoto tuliendelea kuonywa kwa miaka mingi: ukiona chuma usichokijua rweyani usikiguse, usikitupie jiwe, kaa mbali ukaite mtu mzima.

Nilimweleza pia habari ya wilaya ya Ngara, mkoa huu huu wetu. Novemba 2017 bomu la mkono lililodhaniwa kuwa chuma chakavu cha kuuza lilifikishwa na mwanafunzi katika Shule ya Msingi Kihinga. Likalipuka. Watoto watano walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Bomu lile halikumjua mtu. Alinyamaza kabisa.

Sikutaka alale na hofu tu, kwa hiyo nikamwambia habari za panya buku wanaofundishwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa baruti iliyofukiwa ardhini. Panya ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa uzito wake. Wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Mmoja, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu zaidi ya 70, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Panya kuvaa nishani! Tulicheka mpaka machozi.

“Na setilaiti?” akauliza. Nikamwambia za kweli zinamsaidia hata baba yake, kwa sababu utabiri wa upepo ziwani anaousikiliza kabla ya kwenda Kemondo hutegemea picha zake. Ila mwaka 2007 China ilivunja kwa kombora setilaiti yake yenyewe ya hali ya hewa, na vipande zaidi ya 3,000 vikasambaa angani. Vingi bado vinazunguka, na vinaweza kugonga setilaiti ya yeyote, hata ya China.

Mchezo sikuufuta. Tulipatana saa moja kwa siku, kazi za nyumbani zikiisha, na yeye awafundishe wadogo zake lile onyo la bibi. Juma lililofuata wa miaka sita alimwita kwa sauti kutoka rweyani. Alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, akionyesha kwa kidevu kitu kwenye nyasi. Kilikuwa kipande cha jembe kilicholiwa na kutu.