Maji ya Moto Jangwani
Huko Desert Hot Springs, jangwani California, Marekani, wazee wa kaskazini hukimbia baridi wakakaa miezi mizima ndani ya magari yenye kitanda na jiko. Mume wangu nami tulikaa nao wiki sita. Cabot Yerxa, aliyefika mwaka 1913, alichimba kisima cha maji ya kunywa, akakuta ya moto. Hupanda kwenye ufa wa San Andreas.

Akina mama, magoti hulegea kweli! Ila joto hutanua mishipa na kushusha presha. Jirani yetu, anayemeza dawa za presha, alikaa bwawani nusu saa; alipoinuka akaanguka. Tulimlaza kivulini, tukamwinua miguu, alipozinduka tukampa maji. Watoto wake walikuwa mbali mno.

Siku ya nne alirudi, akaketi ngazini, maji yakimfika magotini, mumewe ameshika saa.