Mana ya Siku Moja

Jumapili ile nilisimama madhabahuni nikiwa na mwili mwepesi na uongo mdomoni. Joho langu, ambalo zamani lilinibana kifuani, sasa lilining'inia kama limeangikwa kwenye msumari. Washarika wetu wa hapa Rutamba si wengi. Tunajuana kwa majina, kwa mashamba na kwa madeni. Waliniona nikisafiri kwenda Dar es Salaam nikiwa na kilo 138, wakaniona nikirudi baada ya wiki 6, na tangu hapo kila mwezi nilikuwa nikipungua. Wengine walinong'ona kwamba ninaumwa ugonjwa usiotajwa. Wengine walisema nimerogwa. Wakati wa matangazo, mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema, "Baba Mchungaji, tuondolee wasiwasi. Umefanyaje?"

Nikajibu, "Nimefunga na kuomba."

Vigelegele vikapigwa. Nami nilijifariji kwamba sikudanganya. Kufunga nilifunga, usiku mmoja kabla ya upasuaji. Kuomba niliomba sana, nikisukumwa kitandani kuelekea chumba cha upasuaji.

Ukweli ni kwamba nilipunguzwa mfuko wa chakula. Katika upasuaji wa aina hiyo madaktari huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko, na kinachobaki hufanana na ndizi. Ndugu zangu walichanga, nami nikaongeza fedha za korosho za msimu mzima. Nilikuwa na sukari, nilikuwa na presha, na magoti yalikataa kunipigisha magoti mbele ya Meza ya Bwana. Kijana wa bodaboda aliyenipeleka mitaani kuhubiri alikuwa akijaza upepo tairi la nyuma kabla sijapanda, akidhani simwoni.

Tiba za namna hii si ngeni tena nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni ili washibe upesi, na habari zake zimesikika redioni. Sikuona aibu kwa sababu ya kisu. Aibu yangu ilikuwa ya mchungaji aliyehubiri kiasi kwa miaka mingi, kisha akakatwa tumbo kwa sababu ya kula.

Kwaresima ilipofika, mama mmoja wa kwaya yetu aliamua kufuata mfano wangu. Naye ana sukari, tena ya miaka mingi. Akaacha kula tangu alfajiri hadi jioni, lakini vidonge vya kushusha sukari aliendelea kumeza kila asubuhi, kwa kuwa nesi alimwonya asiviache hata siku moja. Siku ya nne alianguka akipalilia ufuta. Mwanawe alimkumbatia juu ya bodaboda hadi kituo cha afya, wakamtundikia dripu ya sukari. Nilipofika alikuwa amefumbua macho. Aliponiona alianza kulia.

"Baba Mchungaji, nisamehe," alisema. "Imani yangu ni ndogo kuliko yako. Mwili umenishinda."

Nimehubiri miaka mingi, na Makumira nilifundishwa namna ya kukaa na mgonjwa. Sikufundishwa namna ya kuombwa msamaha na mtu niliyemkosea mimi. Nilivuta benchi, nikamwambia yote, nikamwonyesha na makovu madogo tumboni. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe mimi nilikuwa nakifuata kisu." Na baadaye kidogo, "Waambie na wenzangu, asije akaanguka mwingine."

Niliwaambia Jumapili iliyofuata. Hapakuwa na vigelegele. Mzee mmoja hakuniamkia kwa mwezi mzima, na alikuwa na haki. Jirani yangu, Mwislamu mtu mzima ambaye naye ana sukari, alinisubiri njiani akaniuliza kwa upole, "Mchungaji, kwetu mgonjwa ameruhusiwa kula hata mwezi wa Ramadhani. Kwenu hakuna ruhusa hiyo?" Ruhusa ipo. Ni mimi niliyeificha.

Lakini kulikuwa na jambo la pili ambalo nilikuwa sijalisema. Kilo zilikuwa zinarudi. Katika mwaka mmoja na nusu nilishuka hadi kilo 91, kisha mizani ikaanza kupanda: 93, 95, 98. Sehemu ya mfuko inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi kichocheo kinachoamsha njaa, kwa hiyo mwaka wa kwanza njaa yangu ililala. Mwaka wa pili iliamka, ikanikuta nimelala mimi. Sahani ya ugali ilinishinda, ni kweli, lakini soda, kashata na kitumbua kimoja baada ya kingine havikunishinda. Vyakula laini na vitamu hupita upesi hata kwenye mfuko mdogo. Daktari alikuwa amenionya kwamba kisu ni jembe tu, na shamba nitalima mwenyewe. Nilimwitikia bila kumsikia.

Hapo ndipo nilipoielewa upya Katekisimo Ndogo, ile tunayowakaririsha watoto wa kipaimara. Mwaka 1529 Luther aliandika humo kwamba ubatizo, ambao hutolewa mara moja tu, maana yake ni kumzamisha mtu wa kale kila siku kwa toba. Maji yalimwagwa siku moja. Maisha yake ni ya kila asubuhi. Upasuaji nao ni hivyo. Kisu kilipita mara moja, lakini mwenye tumbo huamka nalo kila siku.

Kwa hiyo nikaanza upya, na haya ndiyo ninayoyashika hadi leo. Naanza na samaki, mayai, kunde au mbaazi. Ugali huja mwisho, na ukibaki unabaki. Natafuna polepole, na dalili ya kwanza ya kushiba ndiyo amri ya kuacha. Sinywi maji wakati wa kula; nasubiri nusu saa baada ya chakula, kisha nayanywa kidogo kidogo mchana kutwa. Soda nimeiaga. Vidonge vya vitamini na madini nitavimeza maisha yangu yote, kwa kuwa tumbo dogo halitoshelezi mahitaji ya mwili, na kila mwaka napimwa damu. Mtaa wa karibu naenda kwa miguu, kwa njia ya upande wa msitu wa Litipo, nikiyatengeneza mahubiri njiani. Kila Jumamosi napanda kwenye mizani na kuandika namba katika daftari lilelile la mahubiri, hata kama namba inaniaibisha.

Lililo gumu kuliko yote ni kutembelea nyumba. Kwetu mgeni asiyekula ameukataa moyo wa mwenyeji. Zamani nilikula nyumba nne kwa siku ili nisimuudhi mtu, nikajiita mnyenyekevu. Sasa Mama Mchungaji hutangulia kusema, nami nikifika nasema mwenyewe: "Mama, nipe kipande cha samaki, na wali wangu wape watoto." Tangu niliposema ukweli hakuna aliyenuna. Kumbe uongo ndio uliokuwa ukinilisha.

Nikumbushe lile la jangwani. Wana wa Israeli walipewa mana, na kila mmoja aliambiwa aokote ya siku ile tu. Waliobakiza mpaka asubuhi walikuta imeoza na kuingia mabuu. Bwana Yesu naye alitufundisha kuomba riziki ya siku moja. Zamani nililisoma hilo kama neno kwa maskini, wenye chakula cha leo tu. Sasa naona linamhusu zaidi mtu kama mimi, aliyekula leo chakula cha kesho na cha kesho kutwa.

Mpendwa msomaji, tabia hizi hazininunulii upendo wa Mungu. Alinipenda nikiwa na kilo 138, na hatanipenda zaidi nikifika 85. Krismasi iliyopita niliongeza kilo 2. Zamani ningejificha mwezi mzima na kula zaidi kwa huzuni. Safari hii niliamka asubuhi, nikatubu, nikachemsha yai. Na kama daktari amekuandikia dawa, imeze kama alivyokuelekeza, na kabla ya kufunga mwulize yeye kwanza. Mungu anayesikia maombi ndiye aliyempa daktari maarifa.

Yule mama bado anaimba sauti ya kwanza. Jumamosi jioni, kwaya ikimaliza mazoezi, huja barazani kwetu. Yeye huniuliza, "Kilo ngapi?" Mimi humuuliza, "Sukari imesoma ngapi?" Wiki nyingine tunafurahi, wiki nyingine tunatikisa vichwa. Kisha tunaomba, naye hunikumbusha kila mara nisiombe marefu: "Baba Mchungaji, tuombee ya kesho tu."