Kasha la Mama

Mama yetu alipofariki alituachia kasha la mti mgumu lililopambwa kwa misumari ya shaba. Marehemu baba alilinunua Unguja alipotaka kumwoa, likaja kwa gari moshi mpaka Mwanza. Baada ya matanga, mimi na mdogo wangu tukaligombania. Yeye alitaka tumwuzie mchuuzi mmoja wa mjini; mimi nalitaka lipambe sebule yangu. Dada yetu mkubwa, mwenye kushika ufunguo, hakusema neno.

Makasha ya namna hii ni ya zamani. Mengi yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, na mafundi wa Unguja nao wakayatengeneza. Bibi arusi aliwekewa humo nguo na vito vyake, na baadhi yana droo za siri.

Ulaya nako, kati ya mwaka 1300 na 1350, mafundi wa Paris walichonga visanduku vya pembe za ndovu wa Afrika. Kimoja kimehifadhiwa katika makumbusho ya Baltimore, Marekani. Juu ya kifuniko chake askari wa farasi wanaishambulia ngome, na mabibi walio ukutani wanajikinga kwa maua ya waridi. Ngome ile ni mfano wa moyo wa mpendwa. Kumbe watu walio mbalimbali waliona neno moja, kwamba nakshi ya nje hutangaza thamani ya kilichofichwa ndani.

Siku ya kuja mchuuzi, dada alitupa ufunguo akasema, “Fungueni kwanza, wadogo zangu, ndipo mliuze.”

Hatukukuta fedha. Tulikuta vyeti vyetu vya ubatizo, kanga moja mpya, na stakabadhi za karo zilizofungwa kwa uzi, zangu na za mdogo wangu. Za dada hazikuwamo. Ndipo tulipokumbuka ya kuwa yeye alitolewa shuleni, akalima pamba na kuanika dagaa pamoja na mama, ili sisi tusome.

Tuliona haya sana. Mchuuzi alirudi mikono mitupu, na kasha likabebwa kwenda nyumbani kwa dada.

Sanduku la Agano lilifunikwa kwa dhahabu safi, lakini Waisraeli waliliheshimu kwa ajili ya mbao za mawe zilizokuwamo. Basi, ndugu msomaji, kabla hujagombania sanduku la wazazi wako, tazama kwanza limetunza nini, na kwa jasho la nani.