Alama 58 na usingizi wa mlinzi

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi kwamba nitawawekea hapa makala yangu kuhusu walinzi wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi Doha. Mama mdogo kaniuliza mara mbili kwenye simu iko wapi, na mjomba kasema labda nimeogopa. Basi leo nawapa kisa kizima, halafu mtajua wenyewe kwa nini makala ile hamtaiona.

Kwa wale ambao huwa wanauliza "unasoma nini hasa huko": nasoma mambo ya vyombo vya habari. Mji wenyewe ndio huu wa Al Jazeera, iliyoanza hapa mwaka 1996, kwa hiyo darasani kwetu kila mtu anajiona mhariri. Asaimenti ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, chagua kundi la watu na uchambue magazeti na televisheni zinavyolionyesha. Pili, andika makala yako mwenyewe kuhusu kundi hilohilo.

Mimi nikachagua walinzi. Hapa ukiingia jengo lolote, benki au duka kubwa, mlangoni utakuta Mkenya au Mganda. Ukisema "habari" tu, uso unabadilika, na mtaongea mpaka usahau ulichokuja kununua. Kuna kaka mmoja Mkenya ambaye huwa napita mlangoni kwake nikienda chuo. Nikaongea naye siku tatu, nikaandika usiku kucha, nikatuma. Nilikuwa na uhakika wa alama 80.

Nikapata 58. Ufadhili wangu unataka wastani wa 65. Nilifunga kompyuta nikalala bila kula.

Kesho yake ndipo nikasoma maoni ya mwalimu. Yalikuwa matatu makubwa, na kila moja liliniuma mahali pake.

La kwanza ni hesabu. Niliandika kwamba wafanyakazi 6,500 walikufa wakijenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2022. Mwalimu kaandika pembeni: "Ripoti yenyewe umeisoma?" Ukweli ni kwamba sikuisoma. Niliitoa kwa watu walioitoa kwa watu. Nikaitafuta. Ni ya gazeti la Guardian la Uingereza, Februari 2021. Inahesabu vifo vya watu wa India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka waliokuwa Qatar tangu nchi hii ipewe mashindano mwaka 2010. Ni vifo vya sababu zote na kazi zote, siyo vya viwanjani tu. Na gazeti lenyewe lilisema wazi kwamba Wakenya na Wafilipino, kwa mfano, hawamo.

Mnaona aibu hiyo? Mimi naandika juu ya Wakenya, natumia hesabu isiyo na Mkenya hata mmoja! Na upande wa pili nao una hesabu zake. Waandaaji walikuwa wakisema kwa wajenzi wa viwanja ni vifo 3 vya kazini na 37 visivyo vya kazini. Halafu Novemba 2022 Hassan Al-Thawadi, mkuu wa maandalizi, akasema kwenye televisheni kwamba kwa miradi yote iliyohusiana na mashindano ni kati ya 400 na 500. Kila mtu anahesabu kitu chake. Mwalimu kasema sikutakiwa kupunguza kifo cha mtu yeyote. Nilitakiwa kusema nani kahesabiwa na nani hakuhesabiwa. Hilo la pili ndilo lililokuwa habari yangu, na niliipita.

La pili: "Makala nzima, mlinzi wako hasemi hata sentensi moja kamili. Wewe ndiye unayesema." Akaniambia nikasome ile makala ya Binyavanga Wainaina ya mwaka 2005 inayofundisha kwa kejeli namna ya kuandika juu ya Afrika. Nilishaisoma zamani, nikawacheka Wazungu sana. Safari hii nilijikuta mimi ndiye ninayechekwa.

La tatu ndilo lililoninyima usingizi. Niliweka jina la jengo, zamu yake, na wilaya anayotoka. Mwalimu akauliza: "Bosi wake akisoma?" Na mimi ndio nilikuwa natafuta picha nzuri ya kuweka hapa kwenye blogu! Labda wengine mnamkumbuka Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi hapahapa Doha na akiandika maisha ya wafanyakazi kwa jina la Noah. Mei 2021 alikamatwa, akakaa ndani karibu mwezi mzima, baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000, na Agosti akaondoka nchini. Kima cha chini cha mshahara hapa, kilichoanza Machi mwaka huohuo, ni riyali 1,000 kwa mwezi. Pigeni hesabu wenyewe. Lakini Bidali alichagua kuandika. Huyu kaka hakuchagua, mimi ndiye niliyemchagulia.

Basi Ijumaa nikanunua chai ya karak mbili, nikamfuata siku yake ya mapumziko, nikamsomea makala yote. Nilipofika kwenye "macho yake yamejaa huzuni ya miaka" akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Dada, ule ni usingizi. Nilikuwa nimetoka zamu ya masaa kumi na mawili."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Umeniuliza kuhusu joto, chumba, chakula. Hujaniuliza nililipa nini kuja."

Nikamuuliza. Alimlipa wakala kule kwao. Aliuza ng'ombe wawili, nyingine akakopa kwa shemeji yake. Miezi kumi na minne ya kwanza hapa alikuwa analipa deni tu. Sasa analipa ada za wadogo zake wawili na anajenga. Hataki kuonewa huruma. Anataka yule wakala aandikwe.

Mnaona? Nusu ya habari ilianzia kwetu, na mimi nilikuwa nimeielekeza kamera upande mmoja kwa sababu ndio upande ambao dunia nzima ilikuwa inautazama.

Alama haibadiliki. Ili nifike 65 nahitaji 72 kwenye asaimenti inayofuata, tuombeane. Makala ya zamani nimeifuta. Haya mnayoyasoma leo nilimsomea kwanza kwa simu. Karuhusu ng'ombe, karuhusu usingizi, akaondoa kitu kimoja ambacho sitawaambia.

Mwisho, hili ni la mama na la jirani yetu. Nasikia kijana wake kapata wakala anayempeleka Ghuba, na kwamba wanafikiria kuuza kile kiwanja. Naomba msiuze chochote mpaka niongee naye. Ajue anaenda kufanya kazi gani, kwa mwajiri gani, mkataba auone kwa macho yake kabla ya kutoa hela, na auulize kila shilingi ni ya nini. Simkatazi kuja. Kaka yangu wa mlangoni naye hamkatazi, ila kasema yuko tayari kuongea naye. Saa za hapa na za huko ni zilezile, kwa hiyo nipigieni Ijumaa baada ya swala.

Nisalimieni bibi. Mwambieni joto limeanza, ila nakula vizuri.

Wasalaam.