Amejiliwa na Mungu

Ukitaja neno kaunti Nairobi, watu wanawaza gavana, barabara mbovu na kelele za bajeti. Mimi siku hizi nawaza Edgefield, South Carolina, kule Kusini mwa Marekani, karibu na mto Savannah. Udongo mwekundu, pamba, misonobari, wafinyanzi hodari. Hadi 1868 ilikuwa ikiitwa wilaya, kisha katiba mpya ya jimbo ikaigeuza kuwa kaunti. Mkenya akisikia hivyo anatabasamu kidogo, si hadithi anaijua.

Wanaoipenda Edgefield watakwambia imetoa magavana kumi wa jimbo. Wengine watakwambia imetoa damu. Wote wako sawa, na mara nyingi wanazungumzia wanaume wale wale.

Chukua Preston Brooks. Mwaka wa 1840, akiwa kijana, alipigana kwa bastola na mwenzake aitwaye Louis Wigfall kwa sababu ya heshima, wote wawili wakajeruhiwa. Risasi ilimpata Brooks kwenye nyonga, ndiyo maana baadaye alikuwa anatembea na fimbo. Tarehe 22 Mei 1856, akiwa mbunge, aliingia ndani ya Seneti kule Washington na fimbo, akamcharaza seneta Charles Sumner hadi akazirai. Sumner alikuwa ametoa hotuba dhidi ya utumwa na kumtusi Andrew Butler, seneta wa South Carolina na jamaa yake Brooks. Adhabu? Faini ya dola 300. Nyumbani watu walimtumia fimbo mpya kama zawadi. Alijiuzulu, wakamchagua tena. Januari 1857 koo lilimziba ghafla, akafa akiwa na miaka 37.

Lakini Brooks ana vitabu vyake. Kilichoniteka mimi ni vifo vidogo, vile vya kumbukumbu za uchunguzi. Mtu akifa ghafla, mchunguzi wa vifo aliitwa. Hakuwa daktari, alikuwa mtu tu wa ofisi. Cheo chenyewe kilitoka Uingereza, tangu 1194, na kikavuka bahari pamoja na sheria zingine. Aliwakusanya wanaume wa jirani, akawaapisha, wakaenda kusimama mbele ya maiti. Lazima waione kwa macho yao. Kisha mashahidi wanasema walichoona, na jopo linaandika: nani amekufa, wapi, lini, kwa nini.

Ukizisoma hizi kumbukumbu za Kusini unazoea haraka, na kuzoea huko ndiko kunakotisha. Mtoto ambaye nguo yake ilishika moto jikoni. Mtu aliyezama kwenye bwawa la kinu. Mlevi aliyelala nje usiku wa baridi. Wawili waliobishana kuhusu deni dogo, mmoja akachomoa kisu. Kila karatasi ni fupi, na kila moja ina mtu aliyeamka asubuhi akidhani ni siku ya kawaida.

Halafu kuna watumwa. Zaidi ya nusu ya watu wa Edgefield kabla ya vita walikuwa watumwa, na wao pia walichunguzwa wakifa, maana walikuwa mali na mali ikipotea lazima maelezo yatolewe. Lakini jopo lilikuwa la wazungu watupu. Mahakamani, mtumwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Kwa hivyo mara nyingi aliyejua zaidi ndiye aliyezibwa mdomo. Mtoto mchanga wa mtumwa akikutwa amekufa asubuhi, mama aliandikwa kwamba alimlalia. Wanahistoria wa tiba walikuja kudokeza baadaye kwamba wengi wa watoto hao huenda walikufa kwa vile vifo vya ghafla vya watoto wachanga ambavyo hata leo madaktari hawavielewi vyote. Lakini mama aliishi maisha yake yote na karatasi inayosema ni yeye.

Na pale jopo lilipokosa jibu, au lilipokuwa na jibu lisilotaka kulitamka, kulikuwa na maneno ya sheria ya kale: amekufa kwa kujiliwa na Mungu. Yaani Mungu alimtembelea. Siku nilipokutana na maneno hayo nilifunga simu, nikashuka matatu kituo kimoja kabla ya changu, nikatembea.

Kwa sababu nayajua. Ya kwetu hayana Kiingereza cha zamani, lakini ni yale yale.

Baba yangu mdogo alikuwa askari wa usiku kwenye shamba la maua. Asubuhi moja alikutwa amelala kando ya lango, amekufa. Alikuwa na jeraha kisogoni. Kwenye kitabu cha OB kuliandikwa kifo cha ghafla, na kesi ikaisha hapo. Nyanya yangu, ambaye hajui kusoma, aliomba asomewe mara mbili. Kisha akauliza, "Ghafla ni ugonjwa gani?" Afisa akamjibu kwa upole kabisa, "Mama, wacha Mungu aitwe Mungu." Tukamzika Jumamosi. Mwenye shamba alituma blanketi na mkebe wa mafuta ya kupikia.

Sisemi aliuawa. Sijui. Hicho ndicho ninachotaka kukisema: kuna watu kazi yao ilikuwa kujua, na walichagua neno ambalo linafunga mlango. Kenya ilipitisha sheria ya kuanzisha huduma ya wachunguzi wa vifo mwaka wa 2017, na miaka mingi baadaye ilikuwa bado ni karatasi tu.

Na si jambo jipya kwetu. Mwaka wa 1923 huko Molo, mfanyakazi wa shamba aliyeitwa Kitosh alichapwa viboko na mlowezi kwa sababu alimpanda farasi aliyetakiwa kumwongoza kwa miguu. Alifungwa kwenye ghala, usiku akafa. Kesi ilisikizwa Nakuru mbele ya baraza la wazungu. Madaktari walifika wakaeleza kwamba huenda alikufa kwa sababu alitaka kufa mwenyewe. Mlowezi akapatikana na hatia ya kujeruhi tu, akapewa miaka miwili. Karen Blixen aliisimulia hadithi hiyo kwenye kitabu chake kuhusu maisha yake Kenya, na kilichomgusa sana ni hayo mapenzi ya Kitosh ya kufa. Mimi nikiisoma naona wanaume wa Edgefield wamesimama kuzunguka maiti, kofia mkononi, wakitafuta neno.

Ila kuna uchunguzi mmoja ambao haukutafuta neno la kujificha.

Prince Rivers alizaliwa mtumwa, alikuwa anaendesha magari ya farasi ya bwana wake. Vita vilipokuja alitoroka, akajiunga na jeshi la Kaskazini, akawa sajenti. Baada ya vita alikuwa mmoja wa walioandika ile katiba ya 1868. Kufikia 1876 alikuwa hakimu wa Hamburg, mji mdogo wa watu weusi uliokuwa umekatwa kutoka Edgefield na kuingizwa kaunti mpya ya Aiken.

Tarehe 4 Julai 1876, Marekani ikitimiza miaka 100, wanamgambo weusi wa Hamburg walikuwa wanafanya gwaride barabarani. Vijana wawili wazungu wakaja na gari la farasi wakitaka wapishwe. Maneno yakazuka, kesi ikapelekwa kwa Rivers. Tarehe 8 Julai, Matthew Butler, mpwa wa yule seneta Butler, alifika na mamia ya wazungu wenye silaha akidai wanamgambo wasalimishe bunduki zao. Walikataa. Mzinga ukaletwa kutoka ng'ambo ya mto. Mzungu mmoja aliuawa kwenye mapigano. Watu weusi sita walikufa, wengine wao wakiwa tayari wametekwa: waliitwa mmoja mmoja usiku, wakapigwa risasi.

Rivers akafanya kazi yake. Aliita jopo, akasikiliza mashahidi, na safari hii watu weusi walisema na maneno yao yakaandikwa. Jopo halikusema Mungu. Lilitaja wazungu 94, kwa majina.

Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Butler alikuwa seneta mwaka uliofuata. Ben Tillman, kijana wa Edgefield aliyekuwepo usiku ule, akawa gavana, kisha seneta, na alijigamba hadharani kuhusu Hamburg hadi uzeeni. Rivers alipoteza cheo, akarudi kuendesha magari ya farasi, akafa 1887. Mwaka wa 1916 ulijengwa mnara wa kumbukumbu karibu na hapo, kwa ajili ya yule mzungu mmoja.

Rafiki yangu mwanasheria aliniuliza, sasa hiyo orodha ilisaidia nini? Nilimwambia: ndiyo sababu mimi na wewe tunajua. Wale waliokufa waliitwa Allan Attaway, James Cook, Albert Myniart, Moses Parks, David Phillips na Hampton Stephens. Tunajua hawakujiliwa na mtu yeyote isipokuwa majirani zao. Haki hawakupata, lakini uongo pia haukupata mahali pa kukaa.

Nyanya yangu hakuomba mtu afungwe. Aliomba neno moja la kweli, liandikwe kwa kalamu, mahali ambapo mjukuu atakayejua kusoma anaweza kulikuta.