Asilimia ya Nini?

Hisabati sikuiomba. Nilipofika kwenye ile shule ya kijiji wilayani Newala mwaka 2002, na cheti changu cha Daraja la Tatu A na godoro lililofungwa kamba, walimu niliowakuta walikuwa wameshagawana masomo mengine yote. Mwalimu Mkuu akanikabidhi vipindi vya Hisabati vya darasa la tano na la sita. "Wewe bado kijana, mwanangu, utawaweza," akaniambia, akarudi kwenye makaratasi yake. Ndipo nilipoelewa kwa nini wenzangu walinipokea kwa bashasha ile.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada ilikwisha kufutwa, na watoto walikuja kwa wingi kiasi kwamba dawati la watu watatu lilikaliwa na watano, na waliokosa dawati walikaa sakafuni mbele kabisa, miguuni pangu. Mnyambuliko wa vitenzi unaweza kuwaimbisha watoto mia wakaupata. Asilimia haiimbiki.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Neno "ya" maana yake zidisha. Kwa hiyo asilimia 25 ya 80 ni 25 juu ya 100 mara 80, unakata sifuri, unapata 20. Walimu wengi nchini huitegemea kanuni hiyo ya "ya ni mara", nami siikashifu, maana inatoa jibu. Watoto walikata sifuri kwa furaha kubwa. Mazoezi ya namna hiyo niliyasahihisha hadi usiku kwa taa ya chemli, alama za vema zikishuka kwenye kurasa bila kukatika.

Yalipofika maswali ya mafumbo, vema zikaisha. "Katika shamba lenye mikorosho 80, mikorosho 20 imekauka. Ni asilimia ngapi?" Darasa zima likazidisha: 20 juu ya 100 mara 80, kumi na sita. Mbona isiwe hivyo? Walikuwa na namba mbili na alama ya asilimia, na kanuni waliyonayo ni ya kuzidisha. Hakuna aliyejiuliza kama jibu lake linafanana na shamba lolote duniani.

Tangu hapo nikaanza kuuliza swali moja, na nililiuliza hadi watoto wakawa wananiita kwa swali hilo nikigeuka ubaoni: asilimia ya nini? Kabla ya kuandika njia yoyote, kabla hata ya kuchukua kalamu, mtoto aniambie zima ni lipi. Mia kwa mia ni kitu gani hapa? Ni mikorosho yote 80. Basi andika pembeni: 80 ndiyo mia. Nusu yake, 40, ni hamsini. Nusu ya nusu, 20, ni ishirini na tano. Wengi wakawa wanapata jibu bila kukata sifuri hata moja, na baadhi ya wakaguzi hawakulipenda jambo hilo, kwa sababu njia haikuonekana kwenye daftari.

Zana nilizotumia zilikuwa za bei rahisi. Madaftari ya hesabu yana miraba midogo, kwa hiyo kila mtoto alizungushia miraba kumi kwa kumi, akapaka rangi asilimia aliyotajiwa. Hilo linasaidia kwa wiki ya kwanza tu, kisha linakuwa kikwazo, kwani mtoto anazoea kwamba zima ni mia siku zote. Kilichonisaidia zaidi ni mstari mmoja mrefu uliochorwa ubaoni, juu yake zimeandikwa asilimia kutoka 0 hadi 100, na chini yake kiasi chenyewe, shilingi au kilo. Juu 100, chini 12,000. Juu 10, chini 1,200. Juu 5, chini 600. Mtoto anayejua kupata asilimia kumi na kuigawa nusu amekwisha kupata punguzo la asilimia 15: 1,800, na analipa 10,200. Naamini kumi ndiyo mlango wa mada hii. Waandishi wa vitabu huanza na moja, kwa sababu ndiyo inayofuata maana ya asilimia, lakini mtoto anayeuza maandazi kwa mama yake amezoea kumi-kumi, na moja ya kitu haimhusu.

Wanaoijua Newala wanajua kwamba huku Oktoba na Novemba shule hupungua watoto. Korosho zinadondoka, na kila mkono unahitajika shambani. Wanaobaki darasani nao akili ziko kwenye mizani. Kwa hiyo niliacha mifano ya kitabuni ya mfanyabiashara anayenunua redio na kuiuza, nikaanza kuwauliza kuhusu korosho.

Kipindi ninachokikumbuka kuliko vyote kilihusu kangomba. Kwa asiyeijua, kangomba ni biashara ya kununua korosho kienyeji, nje ya chama cha ushirika, na mara nyingi mnunuzi hutoa fedha mapema, korosho zikiwa bado maua. Mkulima amekwama, hana fedha ya salfa, mtoto anaumwa, basi anachukua. Nikaandika ubaoni: Mzee amechukua shilingi 1,000 kwa kila kilo mwezi wa Julai. Msimu ulipofunguliwa kilo iliuzwa 2,500 mnadani. Amepoteza asilimia ngapi?

Mtoto mmoja wa kike aliyekaa sakafuni akasema sitini. Mvulana wa dirishani akasema mia na hamsini. Darasa likacheka, kwa sababu wote walikuwa wamejifunza kwamba asilimia haipiti mia, jambo ambalo hakuna aliyewafundisha ila limo vichwani mwa watoto kila mahali. Nikawaita wote wawili mbele. Yule binti akaonyesha kwamba mzee alistahili 2,500 na hakupata 1,500, na 1,500 katika 2,500 ni sitini. Yule mvulana akasema yeye hamwangalii mzee, anamwangalia mnunuzi: alitoa 1,000, ikamletea 1,500 juu yake, kwa hiyo faida ni mia na hamsini. Nikaliuliza darasa nani kapata. Wakanyamaza. Kisha mmoja nyuma akapaza sauti, "Asilimia ya nini, mwalimu?" Kila mmoja alikuwa sahihi kwa zima lake. Kwa swali nililouliza mimi, la hasara ya mzee, aliyejibu ni binti.

Jioni ile baba wa yule mvulana alikuja nyumbani kwangu. Tulisalimiana sana kama ilivyo desturi, akaulizia hali ya nyumbani kwetu Masasi, akasifia mchicha wangu. Hatimaye akasema, "Mwalimu, mwanangu ananiambia nimetozwa riba ya mia na hamsini. Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli kama mambo yalikuwa kama nilivyoyaandika ubaoni. Akatikisa kichwa. "Sisi tulikuwa tunasema ametusaidia." Sikuwa na la kuongeza. Alikuwa amesaidiwa kweli, mwezi wa Julai.

Mada ngumu kuliko zote ni ile ya kurudi nyuma. Mteja amepunguziwa asilimia 20, akalipa 8,000. Bei ilikuwa ngapi kabla ya punguzo? Ukiwaachia watoto, tisa kati ya kumi watachukua asilimia 20 ya 8,000, yaani 1,600, wajumlishe, wapate 9,600. Watu wazima hufanya vilevile. Nimewajaribu walimu, nimemjaribu diwani. Kwa nini? Kwa sababu 8,000 ndiyo namba pekee ya fedha inayoonekana, na kitu kisichoonekana hakiulizwi. Mstari wetu wa ubaoni ndio uliokuwa dawa: juu ya 8,000 haipo mia, ipo themanini. Basi kumi ni 1,000, na mia ni 10,000. Watoto wengine hawakuridhika mpaka tuijaribu ile 9,600: asilimia 20 yake ni 1,920, ukiitoa inabaki 7,680, na mteja alilipa 8,000. Haifiki.

Tabia hii ya kujaribu jibu kwa kurudi ilitufaa zaidi mwaka 2012, Baraza la Mitihani lilipoleta fomu za kusahihishwa kwa mashine na watoto wakaanza kusiliba vile vijiduara. Mtu aliyetunga maswali ya kuchagua anajua makosa ya watoto kuliko wazazi wao. Ile 9,600 haikosekani kwenye orodha, mara nyingi herufi A au B, inamsubiri mwenye haraka. Niliwaambia wanafunzi wangu wa darasa la saba: ukiona jibu lako limo kwenye orodha usifurahi bado.

Niliwahi kutumia hati yangu ya mshahara darasani, mwalimu wa taaluma akashangaa kidogo. Nilifunika jina na mshahara, nikaandika mshahara wa kubuni wa laki tano. Mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, bima ya afya 3, Chama cha Walimu 2. Jumla kumi, kwa hiyo 50,000. Watoto walifurahi mno kujua kwamba mwalimu naye anakatwa. Lakini sababu yangu ilikuwa nyingine: nilitaka waone lini inaruhusiwa kujumlisha asilimia. Hizi tatu zote ni za zima lilelile, mshahara wa msingi, ndiyo maana tunazijumlisha. Duka likipunguza bei kwa asilimia 10, kisha likapunguza tena 10 kwenye bei mpya, si ishirini. Kitu cha 10,000 kinakuwa 9,000, kisha 8,100. Zima limebadilika katikati ya safari. Kodi ya mapato sikuwapelekea. Ile inakatwa kwa ngazi, kila ngazi na kiwango chake, na hata ofisini walioielewa walihesabika.

Ofisini kwenyewe asilimia zilizua ugomvi mwaka 2017, makato ya mikopo ya elimu ya juu yalipotoka asilimia 8 kwenda 15 ya mshahara wa msingi. Mzee mmoja asiyekuwa na mkopo akawatuliza vijana: zimeongezeka saba tu, vumilieni. Kijana mmoja mwenye shahada akachukua chaki palepale. Mshahara tuseme laki saba. Jana nilikatwa 56,000, leo nakatwa 105,000. Nyongeza ni 49,000. Ukiilinganisha na makato ya jana, imepanda kwa asilimia 87 na nusu. Mzee akasema kijana anacheza na namba. Hakuwa anacheza. Saba ni pengo kati ya viwango viwili. Themanini na saba na nusu ni ukuaji wa makato, na mwenye kukatwa huhisi ile ya pili. Magazeti yetu huzichanganya hizi mbili kila mwaka bajeti inaposomwa, nami huzikata habari hizo na kuzibandika ukutani mwa darasa.

Mwishoni mwa 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, daraja la kwanza kwa shilingi 3,300 kilo na la pili kwa 2,640, sikuhitaji kutunga swali. Tofauti ni 660. Mwenye korosho nzuri akasema wa daraja la pili wamepungukiwa asilimia 20. Mwenye daraja la pili akasema wenzetu wametuzidi asilimia 25. Niliwasikia wazee wakibishana hivyo chini ya mwembe karibu na ghala, na pembeni yao walikuwapo watoto wawili wa darasa la sita, wametulia, wanasikiliza kama watu wanaojua kitu. Adabu iliwazuia kuwaingilia wakubwa. Mmoja alinitazama tu, akaficha kicheko.

Siku hizi mimi ni Afisa Elimu Kata, kazi yangu ni kupita shuleni kukagua maazimio ya kazi na maandalio ya masomo ya wengine. Daftari langu la mafumbo nilimwachia kijana aliyechukua vipindi vyangu, nikamwambia abadilishe bei, maswali ayaache. Hakunitii, na nashukuru. Nilipomtembelea alikuwa ameandika ubaoni mkopo wa simu: umechukua 50,000, unarudisha 56,000 baada ya wiki mbili. Pembeni akaandika kikoba cha mama: unachukua 50,000, unarudisha 55,000 baada ya miezi mitatu. Alipouliza asilimia ya nini, wakajibu wote kwa pamoja: ya 50,000. Kumi na mbili, na kumi. Wengi wakasema zinakaribiana, simu ni afadhali kwa sababu haina vikao.

Ndipo akauliza swali lake mwenyewe: kwa muda gani? Wakahesabu wiki mbili zinaingia mara ngapi kwenye miezi mitatu. Mara sita na ushei. Mtu anayekopa kwenye simu, akalipa na kukopa tena mfululizo, riba yake inapita 72 wakati mama yake analipa kumi. Msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza: je, akishindwa kulipa ile 6,000, nayo itatozwa riba? Wengine wakasema hapana, deni ni 50,000. Wengine wakasema sasa zima ni 56,000. Kengele ikagonga wakiwa bado wamesimama juu ya madawati wakibishana. Kijana akanitazama kwa wasiwasi, maana riba juu ya riba haikuwamo kwenye andalio la siku ile. Nikasaini daftari lake, nikaandika aendelee nayo kesho.