Kumkaba Mkimbiaji: Boston na Ilulu

Mtu wa Mitwero aliyezoea kutazama soka kwenye uwanja wa Ilulu, Lindi mjini, akikaa mara ya kwanza kwenye majukwaa ya chuo cha Marekani kutazama mpira wa Kimarekani, atamshangaa beki. Mpira unakimbizwa kushoto, yeye kaganda kulia. Nyumbani angezomewa. Kule kocha anampigia makofi.

Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9. Ikipata yadi 4 kila ikikimbia, kazi imekwisha: jaribio la tatu tu linatosha. Kwa hiyo walinzi hupigania yadi moja moja, ili wapinzani walazimike kurusha mpira, na mpira wa kurusha huweza kunaswa. Safu ya washambuliaji ikijipanga huacha vipenyo, na kila kipenyo kina mwenyewe. Mlinzi akikiacha chake kwa uchu wa kuufuata mpira, mkimbiaji mjanja anageuza mguu na kupita palepale. Mbio zikizidi kusumbua, beki mmoja wa nyuma hushushwa mbele kuongeza nguvu. Nyuma panabaki peupe, na kocha anajua.

Mathias Kiwanuka aliijua kazi hiyo vizuri. Mjukuu huyu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alicheza pembeni mwa safu ya mbele ya ulinzi ya Boston College, na mwaka 2004 akawa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Katika takwimu za vyuo, mrushaji akiangushwa na mpira mkononi, yadi alizorudishwa nyuma hukatwa kwenye mbio za timu yake, kwa hiyo Kiwanuka alizila mbio za watu hata pale walipotaka kurusha. Lakini mwaka 2006, akiwa New York Giants, alimkumbatia Vince Young, mrushaji wa Tennessee, kisha akamwachia, akihofia adhabu. Young akachomoka. Giants waliokuwa mbele 21-0 wakalala 24-21.

Kwetu, kumkumbatia winga namna ile ni kadi.

Mabeki wa Namungo ya Ruangwa, waliofungwa 2-1 na Simba katika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020, walipaswa kumkaba mtu kama Luis Miquissone, winga wa Msumbiji, kwa miguu na akili tu. Na hapa mambo yanageuka kabisa. Mlinzi wa pembeni wa Marekani humrudisha mkimbiaji katikati, kwenye msongamano wa wanene wenye zaidi ya kilo 120. Beki wa Namungo humsukuma winga nje, kwenye chaki, kwa sababu katikati ndiko liliko goli.

Ukweli usemwe, wa kwetu ana kibarua kigumu zaidi. Mkimbiaji wa chuo akianguka, mchezo unasimama, na timu ina hadi sekunde 40 kabla ya kuanza tena. Winga akinyang'anywa mpira Ilulu, kiungo wa timu yake anaweza kuuokota hatua mbili mbele, na beki bado yuko chini, bukta imejaa vumbi.